Mwanao ana gitaa? Msaidie atunge wimbo wake wa kwanza

Tukuyu. Mvua ikianza kushuka Tukuyu haiulizi ratiba ya mtu. Watoto wanarudi kutoka shule wameloa, mpira uwanjani unasitishwa, na familia zinajifungia ndani hadi ukungu wa Mlima Rungwe upungue. Katika saa hizo, kwenye nyumba nyingi simu ndiyo inageuka kuwa mlezi.

Nyumba yenye gitaa ina njia nyingine ya kuzitumia saa hizo. Hata hivyo, wazazi wengi wakisikia neno gitaa wanaona picha mbili. Ya kwanza ni kwaya ya kanisani, nayo wanaifurahia. Ya pili ni bendi ya baa, nayo wanaiogopa. Kijana anayekaa chumbani akirudia sauti zilezile jioni nzima huonekana anapoteza muda wa kusoma, na mara nyingi anachoambiwa ni: "Hebu weka hicho kitu chini."

Kabla ya kumwambia hivyo, mzazi afikirie jambo moja. Mtoto anayetunga wimbo wake mwenyewe, hata wa mistari minne, anatafuta namna ya kusema kitu ambacho pengine hajapata nafasi ya kukisema mezani. Kumsaidia autunge hakuhitaji mzazi anayejua muziki. Kunahitaji muda kidogo, daftari, na sikio.

Mtoto wa kwaya ameshaanza

Rungwe ni nchi ya kwaya. Wamisionari wa Kimoravian walifika hapa mwaka 1891, na tangu hapo nyimbo za sauti nne zimekuwa sehemu ya malezi ya watoto wengi wa wilaya hii, iwe kwa Wamoravian, Walutheri au madhehebu mengine.

Mtoto aliyekulia kwenye benchi la kwaya ana mtaji mkubwa kuliko anavyojua. Sikio lake limezoea kusikia sauti tatu au nne zikienda pamoja. Sauti hizo zikipigwa kwa mkupuo mmoja kwenye gitaa, wapigaji huziita kodi. Kwa hiyo akishika kodi kwa mara ya kwanza, kigeni kwake ni vidole tu. Sikio linaitambua.

Historia ya gitaa Afrika Mashariki na Kati nayo inamtia moyo anayeanza. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alijulikana duniani kwa nyimbo alizopiga kwa gitaa moja bila bendi, akitumia kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, nchini Malawi, Madalitso Band walianzia mtaani wakiwa wawili, na moja ya ala zao, babatoni, ina uzi mmoja tu. Vyombo vingi havikuwa sharti.

Kodi tatu zinatosha

Kosa la wanaoanza wengi ni kutaka kujua kodi zote kabla ya kutunga. Matokeo yake miezi inapita, vidole vinauma, na hakuna wimbo hata mmoja.

Kodi tatu zinatosha kwa wimbo mzima. Zinazofaa kwa mkono mchanga ni A, D na E. Kodi hizo ni familia moja. A ni nyumbani, pale wimbo unapoanzia na kupumzikia. D ni kutoka kwenda kwa jirani. E ni njia ya kurudi, kwa sababu ukiipiga sikio linataka kusikia A tena.

Ziko hila mbili za kurahisisha kazi. Ya kwanza ni ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kodi zote tatu zinaweza kushikwa kidole hicho kikiwa kwenye uzi uleule, wa tatu kutoka chini gitaa likiwa limepakatwa. Kwenye A na D kinakaa nafasi ya pili ya shingo, na kwenye E kinarudi nyuma hadi nafasi ya kwanza. Kidole kimoja kikibaki kwenye uzi wake, viwili vilivyobaki vinajua njia.

Hila ya pili ni kubadilisha kodi polepole bila kuimba. Mtoto apige A mara nne, ahamie D mara nne, arudi A, aende E, arudi A. Afanye hivyo mpaka mkono usisite. Hapo ndipo aanze kuimba.

Akitaka wimbo wenye huzuni, ajifunze Am. Umbo la vidole ni lilelile la E, limeshushwa uzi mmoja kuelekea nyuzi nyembamba. Kwa kazi ndogo anapata rangi nyingine kabisa ya sauti.

Jambo moja la kweli

Ukimwambia mtoto atunge wimbo, mara nyingi ataandika maneno aliyoyasikia redioni: mapenzi ambayo hajayaishi, magari ambayo hajayapanda, jiji ambalo hajafika. Asikemewe. Ni njia ya kujifunza. Lakini wimbo huo hautamshika, wala hautamshika anayemsikiliza.

Mzazi anaweza kusaidia kwa maswali mepesi. Leo uliona nini njiani ukirudi? Ni kitu gani kilikuchekesha wiki hii? Nani umemkumbuka? Unapobaki peke yako nyumbani huwa unafikiria nini?

Jibu la swali moja linatosha. Rungwe haina upungufu wa mambo ya kuimba. Kuna ndizi zilizoangushwa na upepo, maziwa yanayopelekwa asubuhi kukiwa bado na giza, parachichi linalosubiri mnunuzi, mama anayekwenda kuchuma chai kwenye mvua, na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira ambalo kila mtoto amesimuliwa habari zake.

Mtoto aandike jibu lake kwa sentensi moja ya kawaida, kama anavyozungumza. Sentensi hiyo ndiyo mbegu. Wimbo mzima utakuwa ni kuisema vizuri mara kadhaa.

Hesabu silabi, sikiliza mkazo

Hapa Kiswahili kinamsaidia sana anayeanza. Silabi zake zinahesabika kwa vidole, maneno yake yanaishia na irabu kwa hiyo vina havipatikani kwa taabu, na mkazo wa neno karibu siku zote unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Washairi wetu wamezitumia sifa hizo kwa karne nyingi, na kipande cha mizani nane ni kipimo kilichozoeleka tangu zamani.

Kinyakyusa nacho kina bahati hiyo. Katika lugha nyingi za Kibantu kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno, na mtunzi hulazimika kuchunga sauti isimpotoshe. Kinyakyusa hakina mzigo huo, na mkazo wake huangukia pale pale penye mkazo wa Kiswahili. Mtoto anayetaka kumwimbia bibi yake kwa lugha ya nyumbani anaweza kutumia hesabu ileile.

Kanuni yenyewe ni hii. Mkono wa kulia ukipiga gitaa unashuka na kupanda: chini, juu, chini, juu. Mapigo ya kushuka ni mazito na ya kupanda ni mepesi. Silabi yenye mkazo ikae kwenye pigo la kushuka.

Tazama mfano huu mfupi, wenye silabi nane kila mstari:

Mvua yaja mlimani,
mama hajafika ndani.
Moto upo mafigani,
nangojea mlangoni.

Kiitikio:
Rudi, mama, rudi, mama,
chai yetu itangoja.

Hesabu mstari wa kwanza: mvu-a-ya-ja-m-li-ma-ni. Silabi za mkazo ni ya 1, ya 3 na ya 7. Zote ni za namba witiri, na zote zinakutana na mkono unaposhuka. Ndiyo maana mstari unatembea wenyewe.

Sasa badilisha mstari wa mwisho wa kiitikio useme "majani yatasubiri". Silabi bado ni nane, maana haijaenda mbali, lakini neno "majani" mkazo wake uko silabi ya 2, wakati mkono unapanda. Ukiimba utasikia neno linavutwa vibaya, kana kwamba limesemwa na mgeni. Hesabu ilikuwa sawa, ila mkazo umekaa pasipo pake.

Mtego mwingine ni viambishi. "Nyumba" mkazo uko mwanzoni. Ukiongeza "ni" ukapata "nyumbani", mkazo unahama kwenda silabi ya pili. Mtoto asitegemee macho. Aseme mstari kwa sauti huku akipiga paja kwa mkono, na palipokwama abadilishe neno au aanze mstari pigo moja mapema.

Sauti inatoka kwenye maneno

Wengi wanaamini kutunga sauti ya wimbo ni kipaji cha kuzaliwa. Njia ya kuanzia ni rahisi: sema mstari kama unamwambia mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mwito wa mbali una kupanda na kushuka kwake. "Rudi, mama" haliitwi kwa sauti moja iliyonyooka. Mwito huo ndio mwanzo wa sauti ya kiitikio.

Kisha aweke kodi. Katika mfano wetu, mstari wa kwanza upigwe A, wa pili D, wa tatu A, na wa nne E. Kiitikio kiimbwe mara mbili: mstari wa kwanza D, wa pili A, na kwa kurudia wa kwanza uwe E, wa pili A. Wimbo umerudi nyumbani na umekwisha.

Kama sauti ya mtoto inazama chini mno, kuna kibanio kidogo kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa, wapigaji wanakiita kapo. Kinapandisha sauti bila kubadilisha vidole.

Beti mbili na kiitikio ni wimbo kamili. Akimaliza, aandike juu ya ukurasa jina lake na tarehe. Si jambo la kupuuza. Wimbo "Malaika", unaoimbwa duniani kote, hadi leo una ubishi kuhusu mtunzi wake, wapo wanaomtaja Fadhili William wa Kenya na wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Daftari lenye tarehe ni tabia njema kuanza nayo mapema.

Vidole, mgongo na masikio

Maumivu ya ncha za vidole wiki za mwanzo ni ya kawaida. Ngozi inahitaji muda kuota sugu. Dakika 10 hadi 15 kila siku zinamfaa mtoto kuliko saa tatu za Jumamosi moja. Ngozi ikipasuka au ikitoa lengelenge, apumzike hadi ipone. Maumivu ya kifundo cha mkono, ganzi, au kidole kinachogoma kukunja si ya kuvumilia. Aache kupiga, na yakiendelea apelekwe kituo cha afya.

Nyuzi za nailoni ni laini kuliko za chuma na zinamfaa anayeanza. Kwa mtoto wa shule ya msingi, tafuta gitaa dogo linaloenea kwenye mapaja yake, asilazimike kupinda bega ili kulifikia. Akae kwenye kiti kisicho na mikono, miguu ikifika chini, mgongo ukiwa wima. Kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi.

Gitaa la kawaida lisilo na umeme halina hatari kubwa kwa masikio nyumbani. Hatari iko kwenye spika na visikizio ambavyo mtoto atavitumia kusikiliza na kuiga. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri usikilizaji wa vifaa hivyo usizidi wastani wa desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Nyumbani tumia kipimo chepesi: ukimwita akiwa hatua chache tu kutoka ulipo na hasikii, sauti imezidi.

Baridi ya Juni na Julai inakakamaza vidole, kwa hiyo apashe mikono kwanza. Unyevu wa Tukuyu nao haulipendi gitaa. Mbao zinavimba na nyuzi zinashika kutu. Lisiegemezwe kwenye ukuta unaotoa jasho, wala lisitundikwe jikoni juu ya moshi. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa.

Na masomo je? Hakuna sababu ya kumwahidi mzazi kwamba gitaa litapandisha alama za hesabu. Kilicho na ushahidi ni kingine. Mwaka 2019 ofisi ya WHO ya Ulaya ilitoa mapitio ya machapisho zaidi ya 900 kuhusu sanaa na afya, yakaonyesha kwamba sanaa, muziki ukiwemo, inaweza kuchangia ustawi wa akili na mahusiano ya watu. Kuchangia maana yake ni kusaidia. Wimbo hauchukui nafasi ya daktari. Ratiba ya haki ni kazi za shule kwanza, gitaa baadaye, na vyote viwili vipewe muda wake.

Wimbo ukisema jambo zito

Rudi kwenye mfano wa mvua. Ukiusoma haraka, ni wimbo wa mtoto anayempenda mama. Ukiusoma tena, ni mtoto aliye peke yake na moto unaowaka jikoni, giza linaingia, na hajui mama atarudi saa ngapi. Mama anayeusikia akiwa amechoka na kikapu cha chai mgongoni anaweza kutabasamu na kupita. Anaweza pia kuuliza: "Huwa unaogopa nikichelewa?"

Swali hilo ndilo faida kubwa ya wimbo nyumbani. Watoto wengi, hasa wavulana waliofundishwa kwamba mwanaume halii, hawana sentensi ya kuanzia. Wimbo unawapa sentensi hiyo. Msiba wa babu, baba aliyekwenda kutafuta maisha mbali, ugomvi wa usiku ambao wakubwa wanadhani haukusikika, vyote vinaweza kutokea kwenye daftari kabla ya kutokea mdomoni.

Kwa hiyo mzazi ajifunze mambo manne.

Kwanza, asifungue daftari bila ruhusa. Mtoto akijua linasomwa kwa siri, ataacha kuandika ukweli.

Pili, akiimbiwa asianze kusahihisha. Aseme alichokisikia: "Nimesikia umemkumbuka babu." Makosa ya kodi yana siku yake.

Tatu, asirekodi na kurusha kwenye makundi ya simu bila ridhaa ya mtoto. Wimbo wa machozi uliotungwa kwa ajili ya watu watatu unaweza kuwa kejeli ukifika kwa watu mia tatu, na mtoto ndiye atakayekutana nao shuleni Jumatatu.

Nne, kama maneno yanazungumzia kutaka kufa, kujiumiza, kupigwa, au kuguswa vibaya na mtu, asiyachukulie kama usanii tu. Akae naye faraghani, amuulize kwa utulivu, amsikilize bila kumlaumu. Hatua inayofuata ni kutafuta msaada siku hiyohiyo: kituo cha afya, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Tahadhari hiyo inamhusu pia mwalimu wa gitaa. Mjue ni nani na anafundishia wapi. Masomo yafanyike sebuleni, kanisani au darasani, mahali ambapo mlango uko wazi na mtu mzima mwingine anaweza kupita.

Anza Jumamosi hii

Asiye na gitaa anaweza kuanza leo kwa kupiga meza, kopo au mapaja, kwa sababu maneno na mkazo havihitaji nyuzi. Mwenye gitaa aanze na A na E tu, D itafuata wiki ijayo.

Siku ya kwanza, sentensi moja. Ya pili, igeuzwe kuwa mistari minne ya silabi nane. Ya tatu, kiitikio. Ya nne, kodi. Ya tano, kuimba polepole bila kusimama hata akikosea. Ya sita, familia ikae baada ya chakula, simu ziwekwe kando, na mtoto aimbe.

Mvua ikiwa kubwa juu ya bati hamtasikiana vizuri. Msogeleeni. Akimaliza, kabla ya kupiga makofi, muulizeni swali moja kuhusu alichokiimba, kisha mnyamaze ajibu.